Shajara ya mradi: bolti ngumu, tindikali na haidrojeni katika karakana ya boti, Pemba

Aprili, masika

Mradi umeanzia kwenye vichwa vya bolti. Boti za uvuvi zinazopandishwa kwetu upande wa Mkoani zinaletwa na hitilafu inayojirudia: bolti zinazounga flanji (sahani ya kuunganishia) ya gia na flanji ya shafti, M12 (kipenyo cha milimita 12) za daraja la 12.9, lile kali kuliko yote ya kawaida, zinakutwa zimekatika chini ya kichwa au kwenye uzi wa kwanza unaoingia kwenye nati. Boti imelala kwenye nanga, mashine haijawashwa, na asubuhi kichwa cha bolti kinaokotwa kwenye maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti.

Neno la kwanza la manahodha ni kwamba bolti ni bandia. Bandia zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini hizi tumezipima na ugumu wake ni ule ule unaotakiwa kwa 12.9. Bolti dhaifu hukatika nguvu inapoijia: wakati wa kukaza, au rafadha inapogonga mwamba. Hizi zilikazwa zikakubali, zikakaa, kisha zikakatika baadaye bila kuguswa. Kuchelewa huko ndiyo dalili kubwa ya haidrojeni.

Haidrojeni tunayoizungumzia si gesi ya kwenye mtungi. Ni atomu moja moja, ndogo sana, inayopenya katikati ya atomu za chuma na kutembea humo hata chuma kikiwa baridi. Inavutwa kwenda pale chuma kilipotanuliwa zaidi, yaani kwenye mzizi wa uzi (bonde kati ya nyuzi za bolti) na kwenye kona chini ya kichwa. Ikijikusanya hapo, chembe za chuma zinalegea kushikana. Ufa mdogo unafunguka, haidrojeni nyingine inakimbilia kwenye ncha ya ufa, ufa unasogea tena, mpaka chuma kilichobaki hakiwezi kubeba mzigo. Wataalamu wanaeleza kinachotokea ndani kwa njia zaidi ya moja: wapo wanaosema haidrojeni inapunguza nguvu ya atomu kushikana, na wapo wanaosema inarahisisha mtelezo wa ndani katika eneo dogo sana hadi likachanika. Maelezo yote mawili yana ushahidi, na huenda yanafanya kazi pamoja. Kwa kazi ya karakana, linalotuhusu ni kwamba lazima mambo matatu yakutane: chuma kigumu kupita kiwango, haidrojeni iliyoingia, na mkazo wa kuvuta unaodumu. Likiondoka moja, bolti inabaki nzima.

Jambo hili si geni. Mwaka 1875 Mwingereza W. H. Johnson alieleza kwamba waya wa chuma uliochovywa kwenye tindikali hupoteza uwezo wa kukunjika, kwamba sehemu iliyovunjika ikilowanishwa hutoa povu, na kwamba waya huo ukiachwa kwa muda hupata nafuu. Mengi tunayoyafanya leo yamejengwa juu ya uchunguzi huo: tindikali inaingiza, na muda pamoja na joto vinatoa.

Aprili, kusoma sehemu iliyokatika

Kwanza, kisiguswe kwa brashi ya waya wala msasa. Kipande kioshwe kwa petroli au asitoni, kikaushwe kwa hewa, kifungwe kwenye karatasi kavu. Vipande viwili visigonganishwe kuona kama vinalingana. Kila anayeokota kichwa cha bolti anafanya hivyo, na alama zinafutika.

Kisha lenzi ya kukuza mara 10 na taa ya pembeni. Bolti iliyozidiwa na nguvu ina shingo: imevutika na kupungua unene kabla ya kukatika, na uso wake ni wa kijivu usiong'aa. Bolti iliyochoka kwa mtikisiko ina mistari ya mviringo inayoanzia sehemu moja, iliyopangana kama alama za maji yanapokupwa. Iliyoliwa na haidrojeni haina shingo hata kidogo. Uso wake una chembechembe zinazometa, ufa umeanzia kwenye mzizi wa uzi au kwenye kona ya kichwa, na mara nyingi ukichunguza nyuzi za jirani unakuta nyufa nyingine ambazo hazijafika mwisho.

Lenzi haitoshi kutoa hukumu. Kuthibitisha kwamba ufa umepita kwenye mipaka ya chembe (fuwele ndogo zinazounda chuma) kunahitaji hadubini ya elektroni. Kwa hiyo tunachukua dalili za uso, ugumu uliopimwa na historia ya bolti (ilisafishwaje, ilipakwa nini, ilikaa muda gani kabla ya kukatika), na vyote vitatu vikikubaliana ndipo tunaandika "haidrojeni" kwenye daftari.

Mei, kupima ugumu

Kila bolti inayotiliwa shaka inasagwa kidogo upande wa kichwa mpaka upatikane uso bapa unaong'aa, bila kuuchemsha. Ikibadilika rangi kuwa ya bluu, kipimo hicho hakifai, saga upande mwingine. Tunapiga angalau vipimo vitatu vilivyoachana na kuchukua wastani.

Viwango tunavyolinganisha, kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C: daraja 8.8 liko kati ya 22 na 34 kutegemea unene, 10.9 kati ya 32 na 39, na 12.9 kati ya 39 na 44. Mpaka wa hatari unaokubalika kwa vifungio ni 39, sawa na kama 390 kwa kipimo kingine cha ugumu, cha Vickers. Ukitazama namba hizo utaona kwamba 12.9 yote ipo upande wa pili wa mpaka, 10.9 inaugusa kwa juu, na 8.8 iko mbali nao.

Hapa tumepata mgongano na wateja wengi, maana mtu anaingia na kusema nipe ile kali kuliko zote. Anaona 12.9 imeandikwa kichwani, anaamini ndiyo salama kuliko 8.8. Kwa chuma kinachokaa kwenye unyevu wa chumvi imani hiyo inamgharimu. Chuma kikipandishwa ugumu, kiasi kidogo tu cha haidrojeni kinatosha kukipasua. Hata bolti nyingi za 12.9 zinatoka kiwandani zikiwa nyeusi na mafuta, bila zinki, kwa sababu hiyo hiyo: kuzipaka kwa umeme kunaziingizia haidrojeni.

Skrubu za kujitoboa na washa za springi ziwekwe kwenye kundi hilo la hatari. Skrubu zina ngozi ngumu juu ya moyo laini, na washa ya springi ni ngumu kotekote na inakaa imebanwa maisha yake yote. Washa ya springi iliyopakwa zinki ikikutwa imepasuka vipande viwili chini ya nati isitupwe, ni ushahidi.

Mei, inakoingilia

Tumeorodhesha njia zote zinazotumika hapa kusafisha kutu, na tatizo kubwa limejitokeza kwetu mafundi, si baharini.

Maji ya betri ndiyo ya kwanza. Ni tindikali ya salfa, na iliyo ndani ya betri iliyojaa ina nguvu ya kama asilimia 37. Inagusa chuma, chuma kinayeyuka, na haidrojeni inazaliwa juu ya uso ikiwa atomu moja moja. Nyingi zinaungana mbili mbili na kuondoka kama mapovu. Zinazobaki zinazama ndani. Kadiri kutu inavyoisha na chuma kitupu kubaki wazi, ndivyo inavyozama zaidi, kwa hiyo kuacha bolti usiku kucha kwenye ndoo ili "ing'are" ni kuizidishia dozi.

Ya pili inaonekana ya kistaarabu zaidi: chaja ya betri, maji na magadi ya kufulia. Kifaa chenye kutu kinafungwa kwenye waya hasi, kipande cha chuma chakavu kwenye waya chanya, na kutu inaachia bila kukwangua. Kwa nanga, bawaba au sahani ya chuma laini ni njia nzuri na tunaendelea nayo. Kwa bolti ya 12.9 au springi ni mbaya, kwa sababu mapovu yote yanayopanda kwenye upande hasi ni haidrojeni, na inazaliwa juu ya ngozi ya kifaa chenyewe.

Ya tatu ni kupaka zinki kwa umeme. Sehemu ya umeme inaweka zinki, na sehemu inatengeneza haidrojeni. Bafu la kloridi yenye uchachu linatumia karibu umeme wote kuweka zinki, la alkali linapoteza kiasi kikubwa zaidi. Kuna na hili: zinki ikishakaa inakuwa kifuniko. Haidrojeni inapita kwa shida sana kwenye zinki, hivyo iliyoingia wakati wa kusafisha na kupaka inafungiwa ndani.

Ya nne ni ya kwetu hasa. Boti nyingi hupumzishwa kwenye vihori vya mikoko maji yakipwa, na tope la mikoko lina gesi ya salfidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Salfidi inazuia atomu za haidrojeni kuungana kuwa mapovu, kwa hiyo nyingi zaidi zinabaki na nafasi ya kuzama ndani ya chuma. Kutu inayofanyika ndani ya tope hilo ni hatari kwa chuma kigumu kuliko kutu ile ile kwenye maji safi ya bahari. Bolti za mabano ya shafti na za usukani zinazozama kwenye tope zimewekewa alama yake kwenye daftari.

Uamuzi uliopitishwa: kitu chochote cha ugumu wa 32 kwenda juu hakiingii kwenye tindikali wala kwenye chaja. Kinasafishwa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, au kwa kupulizwa chembe za ganeti au kioo. Mchanga wa ufukweni haupulizwi: una chumvi inayobaki kwenye vinyweleo vya chuma, na vumbi la mchanga wenye silika linaua mapafu. Pale ambapo tindikali haikwepeki, iwe ya kloridi yenye heksamini, kemikali inayozuia tindikali isile chuma kitupu, dakika chache na si saa, kisha suuza, kisha oveni.

Juni, oveni

Oveni tuliyonayo ni ya umeme ya kuokea keki, yenye feni, iliyofungwa kidhibiti joto kipya kwa sababu kile cha asili kilikuwa kinapanda na kushuka mno. Kazi inataka joto kati ya nyuzi 190 na 220 za Selsiasi. Chini ya hapo haidrojeni inatoka polepole mno. Juu zaidi unaanza kukaribia joto lililotumika kuivisha (kupasha tena chuma kilichogumishwa ili kisivunjike kirahisi) vitu vingine vyenye ngozi ngumu ya juujuu, kama zile skrubu za kujitoboa, na vikilainika vimeharibika. Bolti za 10.9 na 12.9 za kawaida huivishwa kiwandani kwa nyuzi 425 au zaidi, kwa hiyo 220 haizipunguzii kitu.

Utaratibu umeandikwa ukutani hivi. Bolti itoke kwenye bafu la zinki, isuuzwe, ikaushwe, iingie oveni kabla ya saa 4 kupita. Saa 4 ndiyo mwisho, si lengo. Saa 1 ni bora zaidi, maana haidrojeni haisubiri na mkazo uliobaki ndani ya chuma kutokana na kuchonga uzi unatosha kuanzisha ufa. Muda wa kuoka ni saa 8 kwa uchache, na kwa 12.9 au kipenyo kinene tunakwenda mpaka saa 24. Saa zinahesabiwa tangu chuma chenyewe kifike nyuzi 190, si tangu hewa ya oveni ifike. Ndiyo maana waya wa kupimia joto wa aina ya K umefungwa kwenye bolti iliyo katikati ya kapu, ile inayochelewa kuliko zote. Kapu lililoshindiliwa linaweza kuwa na joto zuri pembeni na katikati bado.

Rangi ya kulinda zinki, ile ya manjano au ya bluu, inapakwa baada ya kuoka. Ikitangulia, joto linaipasua na kuiharibu, na bolti itaota kutu nyeupe haraka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango haufunguliwi. Joto la chuma linasomwa kwa mita ya betri. Likishuka chini ya 190, hesabu inaanza upya kutoka sifuri umeme ukirudi. Kuoka zaidi hakuna madhara kwa bolti hizi, kuoka pungufu kunayo, na mtu akianza kujumlisha vipande vya saa atapata namba nzuri kwenye karatasi na bolti mbaya kwenye flanji.

Jambo moja linarudiwa kwa kila mwanafunzi wa karakana: oveni haiponyi ufa. Inatoa haidrojeni, na nyingine inaisukuma kwenye vificho vya ndani ambako haina nguvu ya kudhuru, lakini ufa ukishafunguka umefunguka. Bolti iliyokazwa kwanza ikafunguliwa ili ikaokwe haina kazi tena.

Julai, kusi, kipimo cha kukaza na kusubiri

Kuvuta bolti mara moja mpaka ikatike hakuoneshi ugonjwa huu. Haidrojeni inahitaji muda wa kutembea, na mashine ya kuvuta inamaliza kazi kabla haijafika. Kipimo kinachofaa ni kukaza na kuacha. Utaratibu wa kimataifa wa vifungio ni bolti kubanwa kwenye sahani ngumu zenye nyuso zilizo sambamba, kukaa saa 48 kwa uchache, na kurudiwa kukazwa kila baada ya saa 24.

Sahani yetu ni chuma kigumu kilichosagwa pande zote mbili, matundu yametobolewa wima kabisa. Tundu likiegama, kichwa kinabanwa upande mmoja, bolti inapinda, na kipimo kinakuwa cha kitu kingine.

Hesabu ya kukaza, kwa atakayerudia. M12 ya uzi mpana ina eneo la kubeba la milimita za mraba 84.3. Mkazo wa uthibitisho wa 12.9, ule ambao bolti inaubeba bila kubaki imerefuka, ni megapaskali 970, kwa hiyo mzigo wake ni kama kilonyutoni 82. Asilimia 75 yake ni kama kilonyutoni 61. Kwa nyuzi kavu tunazidisha 0.2, namba inayobeba msuguano, kwa kipenyo cha mita 0.012 kwa nyutoni 61,000 na kupata kama nyutoni-mita 146. Nyuzi zikiwa na mafuta, kile 0.2 kinashuka kuelekea 0.15 na namba inakuwa kama 110. Anayekaza kwa 146 kwenye nyuzi zilizopakwa mafuta amevuta bolti kupita alivyokusudia kwa theluthi nzima. Hilo peke yake linatosha kuikatisha bolti iliyokuwa na nafuu, kwa hiyo kavu au mafuta inaandikwa kabla ya spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kuguswa. Kwenye kipimo chenyewe tunakwenda juu ya asilimia 75, karibu na mahali bolti inapoanza kurefuka bila kurudi, kwa sababu tunatafuta udhaifu, hatufungi shafti.

Usalama: kichwa kikiruka kina kasi ya kutoboa jicho. Sahani inafunikwa kwa kipande cha bomba nene, na hakuna anayeinama juu yake kusikiliza.

Makundi yaliyowekwa: 12.9 nyeusi kama ilivyotoka dukani; 12.9 iliyochovywa kwenye maji ya betri bila kuokwa; 12.9 iliyochovywa na kuokwa papo hapo; 12.9 iliyochovywa, ikakazwa, kisha ikaokwa na kukazwa tena; na 8.8 iliyochovywa bila kuokwa. Kundi la tindikali bila oveni ndilo lililoachia vichwa kabla ya saa 48 kutimia. Lililokazwa kabla ya kuokwa nalo limetoa nyufa kwenye kona ya kichwa. Nyeusi za dukani na zilizookwa papo hapo zimemaliza muda zikiwa nzima. 8.8 zimetoka salama, ingawa ziliogeshwa tindikali ile ile kwa muda ule ule.

Kundi la mwisho ndilo lenye faida kubwa kwa mwenye boti, na ndilo linaloamua mradi unaelekea wapi.

Agosti, kubadili bolti badala ya kubadili tabia

Tabia ya fundi mmoja inaweza kubadilika. Ya kila karakana ya Wete, Wesha na Tumbe haitabadilika kwa ukuta wetu mmoja wenye maandishi. Njia ya uhakika ni flanji isihitaji 12.9 kabisa.

M12 ya 8.8 ina mzigo wa uthibitisho wa kama kilonyutoni 49, pungufu mno ukilinganisha na 82. Kuichomeka tu badala ya 12.9 ni kupunguza nguvu ya kubana kwa zaidi ya theluthi, flanji zitateleza na bolti zitachoka kwa mtikisiko. Hilo lieleweke vizuri, kwa sababu tumeshaona mtu akisikia nusu ya ushauri. M14 ya 8.8 ina eneo la milimita za mraba 115, na mzigo wa kama kilonyutoni 67. Hiyo inakaribia kabisa M12 ya 10.9, ambayo ni 70, ingawa bado iko chini ya 82 ya 12.9. Flanji yenye nyama ya kutosha pembeni inatanuliwa matundu kwa ajili ya M14, kwa kutoboa flanji zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja ili matundu yasipishane. Umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo tunataka usipungue mara moja na nusu ya kipenyo cha bolti, na kichwa kipate mahali pa kukaa bila kugusa shingo ya flanji. Isipotosha, tunaongeza idadi ya bolti katikati ya zilizopo, tukilinda mizania ili shafti isitikise.

Pale ambapo mtengenezaji wa gia ametaja 12.9 na nafasi hairuhusu kingine, 12.9 inabaki: nyeusi, kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, isiguswe na tindikali wala zinki, ipakwe grisi ya baharini baada ya kukazwa, na ngama ikaushwe. Anayetaka rangi ya kuzuia kutu atafute bolti zilizopakwa kiwandani kwa rangi ya vipande vya zinki isiyotumia umeme. Rangi hiyo haiingizi haidrojeni, alimradi nazo hazikusafishwa kwa tindikali kwanza.

Septemba, anodi za zinki

Bolti zilizo nje, chini ya maji, zina mlango mwingine. Anodi ya zinki, kipande cha zinki kinachofungwa ili kiliwe na maji badala ya chuma, inalinda chuma kwa kukisukumia umeme, na ukisukumwa kupita kiasi maji yanayogusa chuma yanaanza kutoa haidrojeni. Tunapima kwa mita ya umeme ya kawaida na elektrodi ya kulinganishia ya fedha na kloridi ya fedha iliyoning'inizwa karibu na bolti. Chuma kisicho na ulinzi kwenye maji ya bahari husoma karibu na volti hasi 0.60 hadi 0.65. Kikifika hasi 0.80 kimelindwa. Anodi ya zinki yenyewe inakaa karibu na hasi 1.03, na bolti iliyoshikana nayo moja kwa moja inavutwa mpaka huko.

Kwa chuma laini na 8.8 hasi 1.03 haina tatizo; viwango vya kazi za baharini vinakubali bolti za daraja hilo na anodi pamoja, na vinaweka mpaka wa ugumu kwenye 350 Vickers. Kwa chuma kigumu zaidi, tunataka kusoma kati ya hasi 0.80 na hasi 0.95. Asiye na elektrodi ya fedha atumie fimbo safi ya zinki iliyokwanguliwa upya: chuma kilicholindwa kwa kiasi kitasoma chanya 0.23 hadi 0.08 dhidi ya zinki, na kikisoma karibu na sifuri kimesukumwa kupita kiasi.

Kwa hiyo mabano ya shafti na usukani: 8.8 au chini yake, bila mjadala. Kuongeza anodi "kwa usalama" kwenye boti yenye bolti za 12.9 chini ya maji kunaleta hatari ile ile inayokimbiwa.

Anayedhani ni mambo ya boti ndogo atazame daraja la San Francisco–Oakland Bay nchini Marekani. Fimbo za kufungia, nene inchi 3, za chuma chenye nguvu kilichochovywa zinki, zilitengenezwa mwaka 2008 na kukaa kwenye matundu yaliyoingia maji. Zilipokazwa Machi 2013, fimbo 32 kati ya 96 zilikatika katika siku zilizofuata. Ugumu, maji na mkazo vilikutana mahali pamoja.

Septemba, minyororo

Kwa kifupi. Mnyororo wa daraja 80 au 100, ule wa chuma chenye nguvu kubwa, wa winchi ya kupandishia boti hauchovywi tindikali wala zinki, kamwe. Kutu ya juu inaondolewa kwa brashi na mafuta. Aliyeuchovya mnyororo wake akidhani anautunza, hatumpandishii boti kwa mnyororo huo.

Oktoba, kulehemu

Haidrojeni ya kulehemu inatoka kwenye unyevu wa vijiti, na unyevu huku hauhitaji maelezo. Vijiti vya E7018, aina yenye haidrojeni kidogo, vilivyoachwa wazi kwenye kopo vinaokwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja hadi mbili, kisha vinahifadhiwa kwenye joto la kama 120 mpaka fundi avihitaji. Oveni ya keki haifiki huko, kwa hiyo ya vijiti ni nyingine, tuliyojengea pipa lenye koili na matofali. E6013, vijiti vya kawaida, haziokwi kwa joto hilo. Zina unyevu wake wa makusudi ndani ya ganda, na kwa chuma kigumu hazifai kabisa.

Chuma chenye kaboni nyingi, kama majani ya springi za lori watu wanayogeuza kuwa mabano, tunakipasha kabla na kukiacha kipoe chini ya majivu makavu. Hesabu tunayotumia kujua kama kinahitaji kupashwa, kwa asilimia za kila kitu ndani ya chuma, ni kaboni, jumlisha manganizi gawa 6, jumlisha kromu, molibdenamu na vanadi gawa 5, jumlisha nikeli na shaba gawa 15. Jumla ikivuka kama 0.45, hatulehemu bila kupasha. Springi za lori zinavuka mbali, na ushauri wetu ni zisilehemiwe kwenye kitu kinachobeba mtu. Ukaguzi wa nyufa kwa rangi ya kupenya unafanywa baada ya saa 48, si fundi anapoweka mashine chini, kwa kuwa ufa wa haidrojeni hujitokeza chuma kikishapoa na kukaa.

Novemba, vuli, hali ilivyo

Flanji za boti zilizokuja na bolti zilizokatika zimehamia M14 za 8.8 isipokuwa zile zenye nafasi finyu, ambazo zimebaki na 12.9 nyeusi na grisi. Ndoo ya maji ya betri imetolewa karakanani. Kinachosubiriwa ni sampuli za tope la mikoko kwa ajili ya kipimo kipya: bolti za 10.9 zenye ugumu wa 37 hadi 39, zimekazwa kwenye sahani na kuzikwa kwenye tope lenye maji ya bahari, nusu zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha zinki na nusu bila. Sahani imesagwa, bolti zimepimwa ugumu moja moja na kuwekewa namba kichwani kwa rangi, maana kuzigonga namba kwa patasi kungeacha makovu yanayoanzisha ufa.